Tela Kuyumba Likivutwa: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kifaa

Tela linapoyumba, mkia wake huenda kushoto, hurudi kulia, kisha kushoto tena. Chini ya mwendo fulani mtikisiko huo hufa wenyewe baada ya mpigo mmoja au miwili. Juu ya mwendo huo haufi tena: kila mpigo huwa mpana kuliko uliotangulia, mpaka tela linaanza kuliburuta gari pembeni. Huo ndio mwendo wa mpaka, na kila tela lina wake. Tela lililopakiwa vizuri linaweza kupita 100 km/h likiwa limetulia, na tela hilohilo likipakiwa vibaya likaanza kuyumba kwenye 60. Karibu kila kosa linaloelezwa hapa chini linaushusha mwendo wa mpaka. Vifaa vya kuzuia kuyumba huupandisha kidogo, au huingilia kati ukishavukwa, lakini havigusi chanzo. Ndiyo maana vimewekwa mwishoni.

Maelezo haya yanawalenga wanaovuta boti za faiba kwenda Igombe na Kayenze kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, matanki ya maji, majenereta na matela ya mizigo kuelekea Magu, Misungwi na Sengerema, kwa pikapu au gari dogo la 4x4. Semi zina mambo yake mengine.

Limeanza kuyumba na uko barabarani

Toa mguu kwenye mafuta taratibu. Shika usukani kwa mikono miwili, uelekee mbele, basi. Usijaribu kulifuata tela kwa kukata usukani kinyume chake: mkono wa dereva siku zote huchelewa kidogo, na kuchelewa huko ndiko kunakoongeza mpigo unaofuata. Usikanyage breki ya gari kwa nguvu, kwa sababu gari litapungua huku tela likiendelea kulisukuma kutoka upande. Wala usiongeze mafuta ukidhani utalinyoosha. Ukiwa tayari juu ya mwendo wa mpaka, unajipeleka juu zaidi.

Kama tela lina breki za umeme na kidhibiti chake kipo ndani ya gari, tumia swichi ya mkono inayofunga breki za tela peke yake, kwa upole. Tela likishikwa nyuma hunyooka. Matela yenye breki za kusukuma, zile zinazojifunga tela linapoegemea gari, hayana swichi hiyo. Mtikisiko ukiisha, simama mahali salama na ukague mzigo, tairi na kichwa cha tela, yaani kikombe chake kinachoshika tufe la gari. Ukishindwa kupata kosa hapo hapo, endelea kwa mwendo ulio chini angalau 20 km/h kuliko ule ulioanzia shida.

Hakikisha kwanza kwamba ni kuyumba

Kuna mambo matatu yanayochanganywa na kuyumba. Tela linalotetemeka haraka haraka, likiambatana na mlio, lina shida ya gurudumu: rimu iliyopinda, tairi iliyovimba au nati zilizolegea. Tela linalokwenda limekaa upande mmoja muda wote, kiasi kwamba kwenye kioo cha kushoto unaliona zaidi kuliko cha kulia, lina ekseli iliyokaa mshazari au breki iliyoganda upande mmoja. Na tela linalogonga mbele na nyuma ukiachia mafuta lina nafasi kwenye kichwa au shokapu ya breki ya kusukuma imekufa. Kuyumba kwenyewe ni kwa polepole, takriban sekunde moja au zaidi kwa mzunguko mzima, na unakusikia kwenye kiti kabla ya kukuona kwenye kioo.

Linaanza kila ukifika mwendo fulani, hata pasipo upepo

Hii ndiyo dalili inayotokea zaidi, na mara nyingi chanzo ni uzito kukaa nyuma ya ekseli. Kipimo cha kwanza ni uzito wa mbele, yaani kilo zinazoegemea tufe la chuma la kuvutia. Kwa matela ya kawaida lenga asilimia 10 ya uzito wote wa tela na mzigo wake. Usishuke chini ya 7, usipite 15. Matela yaliyoundwa Ulaya hutengenezewa uzito wa mbele mdogo zaidi, asilimia 5 hadi 7. Soma pia kibati kilicho kwenye chuma cha kuvutia: herufi S ikifuatiwa na kilo ndiyo kikomo cha uzito unaoruhusiwa kuegemea tufe. Kama S ni kilo 100, hilo ndilo dari lako hata kama asilimia 10 ingedai 150. Hapo punguza mzigo au punguza mwendo.

Kupima si kazi ngumu. Mizani ya kupimia magunia, ile iliyopo kila duka la mpunga na kila mahali panapouzwa dagaa, inatosha. Egesha tela mahali tambarare, weka kabari kwenye magurudumu, lifungue kwenye gari, kisha simamisha kichwa chake juu ya kipande cha mbao kilicho kwenye mizani, kwa kimo kilekile cha tufe la gari. Kimo kina maana: kichwa kikiwa juu kuliko kawaida, mizani itakudanganya kwa kusoma pungufu. Kama mizani inaishia kilo 100 na unadhani uzito ni zaidi, tumia ubao mgumu. Upande mmoja ulale juu ya mizani, upande mwingine juu ya tofali, umbali wa sentimita 90 kati ya vituo viwili. Weka kichwa cha tela sentimita 30 kutoka kwenye tofali. Mizani itabeba theluthi moja. Toa usomaji wa ubao peke yake, kisha zidisha kwa 3. Uzito wote wa tela unaupata kwenye mizani ya magari, kama zile za viwanda vya kuchambua pamba.

Boti ndizo zinazosumbua zaidi, kwa sababu injini, betri na mafuta vyote hukaa tezi, nyuma kabisa. Chukua tela lenye jumla ya kilo 800, mita 3.5 kutoka tufe hadi ekseli, na mizani inasoma kilo 30 tu mbele. Hiyo haifiki asilimia 4, na tela hilo litayumba. Injini ya farasi 40 ina uzito wa kilo 70 hivi, nayo inaning'inia mita 2 nyuma ya ekseli. Ukiifungua na kuilaza ndani ya pikapu, uzito wa mbele unapanda kwa kilo 70 × 2 ÷ 3.5, yaani 40. Sasa una kilo 70 mbele kwa tela la kilo 730, karibu kabisa na asilimia 10. Ukitaka injini ibaki mahali pake, sogeza boti yenyewe mbele: boti ya kilo 600 ikisogea sentimita 10 inaongeza kilo 17, hivyo sentimita 30 zinakupa 51. Mlingoti wa winchi, nguzo ya mbele inayoshika pua ya boti, hufungwa kwa bolti ili usogezwe hivyo. Angalia tu kwamba tezi bado inalalia mbao au roli za tela. Ikibaki inaning'inia hewani na injini juu yake, sakafu ya faiba itapinda na kupasuka.

Mlingoti usiposogea tena, sogeza ekseli nyuma. Kwa tela la mfano huu, sentimita 20 zitaongeza kilo 35 hadi 40. Tumia bolti za U na mabano ya springi. Usikubali fundi achomelee springi moja kwa moja kwenye fremu, na usisahau kuhamisha madigadi. Dramu la petroli la lita 25 lina kilo 18 au 19. Ukilitoa mita 1.8 nyuma ya ekseli ukaliweka mita 1.2 mbele yake, umepata kilo 16 bila spana yoyote.

Kuna mtego hapa. Mizani inaweza kusoma asilimia 10 barabara na tela bado likayumba, kwa sababu mizigo mizito iko kwenye ncha zote mbili. Mizani inaona wastani tu. Mfuko wa simenti wa kilo 50 ukiwa mita 2 kutoka ekseli unalipa tela ukaidi wa kugeuka mara 16 ya mfuko huohuo ukiwa nusu mita. Tela la namna hiyo likishaanza kupepesuka, gari halina nguvu ya kulituliza. Weka vizito juu ya ekseli na mbele yake kidogo, chini kabisa, vyepesi ndiyo viende kwenye ncha.

Uzito wa mbele ukizidi nao una adhabu yake. Pima kimo cha madigadi ya mbele ya gari kabla na baada ya kufunga tela. Yakiinuka zaidi ya sentimita 2 au 3, magurudumu ya mbele yamepungukiwa na mzigo, usukani umekuwa mwepesi, na taa zako zinawapiga machoni wanaokuja.

Linayumba basi likipita, au ziwa likivuma

Basi linapokupita, hewa ya mbele yake husukuma mkia wa tela mbali, kisha pembeni mwake hewa huuvuta urudi. Tela lisilo na kosa linapokea msukumo huo na kutulia ndani ya mpigo mmoja au miwili. Likipiga mara tatu, nne, bado lina ugonjwa wa uzito au wa tairi hata kama siku nyingine linaonekana zima. Rudi kwenye sehemu ya uzito hapo juu, au endelea na ya tairi hapo chini. Ukiona basi kwenye kioo, achia mafuta kidogo na ulipe nafasi upande wa kulia kadiri lami inavyoruhusu, bila kushusha gurudumu la kushoto kwenye changarawe. Gurudumu moja la tela likiwa kwenye mchanga na jingine kwenye lami, umelianzishia mtikisiko wewe mwenyewe.

Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mara nyingi huwa mkali zaidi alasiri. Kwenye Daraja la Kigongo–Busisi, takriban kilomita 3 juu ya maji ya Ghuba ya Mwanza, hakuna mlima wala mti wa kuukinga. Tela tupu la boksi refu, au boti yenye kioo kirefu, vuka nalo asubuhi. Turubai lililolegea ni tanga. Ama lifunge kwa kamba kila nusu mita, ama livue.

Tela linaelea nyuma kama lililo kwenye utelezi, hasa mizigo ikijaa

Tairi. Tela hutulizwa na ukuta wa tairi kukataa kulala upande, na ukuta hupata ukakamavu wake kutoka kwenye upepo uliojazwa ndani ya tairi. Tairi ya 195R14C yenye ply 8 hubeba mzigo wake kamili kwa 65 psi. Watu wengi huijaza 35 kwa mazoea ya gari dogo. Soma kikomo kilichoandikwa ubavuni na, kwa tela lililojaa, jaza kufikia hapo tairi zikiwa baridi, kabla ya safari. Zote zilingane. Tairi za nyuma za gari linalovuta nazo ziongezwe hadi kiwango cha mzigo kamili kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Tairi laini za nyuma ya gari hulifanya tufe lenyewe licheze kushoto na kulia.

Herufi C ina maana. Tairi ya gari dogo la abiria, hata ikiwa mpya, ina kuta laini kuliko ya mizigo. Soma pia tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tela la boti hukaa juani msimu mzima bila kusogea, hivyo tairi hupasuka ubavuni kabla kashata hazijaisha. Zikipita miaka 6 au 7, badilisha.

Kichwa kinagonga, au tela limekaa pua juu

Tufe linalotumika sana ni la mm 50. La kipimo cha Kimarekani cha inchi 2 ni mm 50.8. Lipo jingine la inchi 1 na 7/8, sawa na mm 47.6, na hilo ndilo hatari: kikombe cha mm 50 hulifunika vizuri machoni, kisha huchomoka kwenye tuta. Pima kwa vernia, usikisie. Tufe la mm 50 likilika hadi mm 49, litupe. Kila ukifunga, pandisha mkono wa tela kwa gurudumu lake la mbele hadi nyuma ya gari inyanyuke sentimita 2 au 3. Kikombe kisipoachia, kimeshika. Minyororo ya usalama ipishane kwa chini.

Sasa kimo. Tela liwe sambamba na ardhi, au pua chini kidogo. Matela ya Ulaya yameundwa kwa tufe lililo sentimita 35 hadi 42 kutoka ardhini gari likiwa na mzigo, wakati pikapu iliyoinuliwa springi hupita hapo kwa mbali. Pua ikielekea juu, sehemu ya uzito huhamia nyuma, na tela la ekseli mbili huegemea ile ya nyuma peke yake. Dawa ni chuma cha kuvutia kilichoshushwa, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Usikate na kuchomelea cha zamani.

Liliyumba kidogo kidogo, likazidi kadiri miezi inavyokwenda

Inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, beringi zimelegea au zimekufa. Kaza nati ya kati huku ukizungusha gurudumu ili beringi zikae, ilegeze, kisha ikaze kwa vidole tu na uweke pini mpya. Grisi ya rangi ya maziwa maana yake maji yameingia. Hutokea hivi: habu iliyopata moto barabarani inatumbukizwa ziwani moja kwa moja, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia sili. Ukifika mwaloni subiri nusu saa kabla ya kushusha boti.

Kisha bolti za U, bushi za springi na jani kuu la springi. Lililovunjika hujificha chini ya kutu. Mwisho vuta tepu kutoka katikati ya kichwa cha tela hadi kila ncha ya ekseli. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya mm 3, ekseli imekaa mshazari.

Tanki la maji lisilojaa

Tanki la lita 1,000 likijaa nusu, maji yanasukumana kushoto na kulia kwa mpigo unaokaribiana na wa tela, na vyote viwili huongezeana. Lijaze hadi juu au lisafirishe tupu. Ukijaza, kumbuka ni kilo 1,000 za maji pamoja na uzito wa tanki lenyewe. Tela lisiloruhusiwa kubeba hivyo linahitaji tanki dogo lililojaa, au tanki lenye kuta za ndani za kuvunja mawimbi.

Gari linakosa nguvu ghafla, taa ya alama ya kuteleza inapepesa

Wengi hulipeleka gari kwa fundi wakidhani ni pampu ya mafuta. Kwenye pikapu nyingi za miaka ya karibuni, hapo ndipo mfumo wa kuzuia kuyumba unafanya kazi. Kihisi cha mzunguko wa gari kimegundua mtikisiko wa kushoto na kulia usiotoka kwenye usukani, kompyuta imekata nguvu ya injini na inafunga breki za magurudumu kwa zamu hadi mtikisiko ufe. Utasikia breki zikipiga bila mguu wako. Usipambane nao kwa kukanyaga mafuta.

Mfumo ukiingilia mara moja kwa dhoruba, sawa. Ukiingilia kila safari, unaendesha juu ya mwendo wa mpaka kila siku, na breki za gari zinapashwa moto na kulika kufidia kosa la upakiaji.

Mfumo usipofanya kazi kabisa, tazama kwanza kama swichi ya udhibiti wa utelezi imezimwa. Kwenye magari mengi mfumo wa kuzuia kuyumba huzimika pamoja na udhibiti huo. Kisha nyaya. Baadhi ya magari hulitambua tela kupitia moduli ya soketi yake, na soketi iliyounganishwa kwa kugawa waya wa taa za nyuma hailipi gari taarifa yoyote.

Vipo vifaa vya kielektroniki vinavyofungwa kwenye tela lenyewe na kufunga breki zake likiyumba. Vingi vinahitaji umeme wa volti 12 wa kudumu: kwenye plagi ya pini 13 ni pini 9, na hasi yake ni pini 13. Ukitumia adapta ya kwenda pini 7 za kawaida, umeme huo haupo na kifaa kimelala. Tazama taa yake ndogo kabla ya kuondoka. Breki za tela zikiwa zimelegea nacho hakisaidii, maana kinatumia hizohizo.

Vifaa vya msuguano vina kosa lao. Kichwa chenye pedi za msuguano hubana tufe, kwa hiyo tufe liwe kavu na bila rangi: lisugue kwa msasa laini, lifute kwa dawa ya kusafishia breki. Pedi zilizoingia grisi hubadilishwa. Kichwa cha kawaida kinataka grisi. Matela yaliyotumika Ulaya mara nyingi huja na kile cha pedi, na grisi ya kwanza inayopakwa kwa nia njema hukiua. Kifaa cha msuguano cha fimbo moja ya pembeni kifunguliwe kabla ya kurudi nyuma na kukata kona kali, kisije kupinda.

Kujaribu baada ya matengenezo

Chagua asubuhi tulivu na barabara iliyonyooka. Nenda 50 km/h kwa dakika chache, kisha 60, kisha 70, ukisikiliza mkia kila unapovuka rasta au lori linapopishana nawe. Mipigo miwili na kimya, panda hatua inayofuata. Mipigo mitatu, rudi chini 20 na huo ndio mwendo wako kwa mzigo huo. Usiutafute mpaka kwa kulichezesha usukani makusudi. Baada ya kilomita 20 simama, gusa kila habu kwa mgongo wa kiganja. Inayoshindwa kushikika ina beringi iliyobana kupita kiasi au breki iliyoganda. Baada ya kilomita 50 kaza tena nati za magurudumu na bolti zote za U ulizozifungua.